Mtu Mmoja kwa Siku

Siku ya tisa mtoto aliiba mkaa jikoni akachora duara ukutani. Tusiseme aliiba, alichukua kipande kisichofika hata nusu ya kidole, kilichokuwa kimejizimikia pembeni ya jiko. Lakini Nasra alipouona ukuta wa ukumbi, ukuta uliopakwa chokaa wiki mbili tu zilizopita, neno lililomtoka lilikuwa hilo. "Mwizi wewe." Kisha akanyamaza, maana ilikuwa mara ya kwanza kumwona yule mtoto amesimama peke yake katikati ya chumba bila kuvutwa mkono.

Kwa siku nane alikuwa mtoto wa nyuma ya mlango. Ukimpa ugali wa muhogo na dagaa, anasubiri uondoke ndipo ale. Ukimuuliza jina, anakutazama mdomo, hakutazami machoni. Nasra alimkadiria miaka mitano, kwa kuhesabu meno. Akamwita Kadogo, kwa sababu mtu lazima aitwe kitu, na mumewe, Ustadhi Abdulatif, akaitikia kwa kichwa bila kuuliza mengi. Ndivyo alivyokuwa Ustadhi: mpole, mwenye heshima zake pale Ujiji, anasomesha watoto thelathini kwenye ukumbi wa nyumba yake mwenyewe, na hajapata kumchapa mwanafunzi fimbo mbili kwa kosa moja. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani nawasimulia habari za mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi.

Mtoto mwenyewe Nasra alimkuta mwaloni, pale ufukweni maboti yanapotua, alipokwenda kununua dagaa. Mwaka ule wa tisini na saba maboti ya kutoka Burundi yalikuwa yakishusha watu kila asubuhi, mpaka wauza samaki wakazoea kuwapisha. Mwanamke mmoja aliyelowa mpaka kifuani alikuwa anambandua mtoto kwenye kitenge chake, kidole kimoja kimoja.

"Si wangu," alimwambia Nasra kwa Kirundi, na Nasra, ambaye mama yake ni Muha wa Kalinzi, alielewa kila neno. "Nilimpakia tu. Mama yake hayupo." Hapo akapitisha kidole shingoni, haraka, kama anayefukuza nzi. "Baba yake ni mvuvi, siku ile alikuwa ziwani. Huenda alivuka. Jina lake silijui, ni wa mlima wa jirani."

Kile kidole Nasra hakumsimulia mtu yeyote, hata mumewe. Aliona mambo ya namna ile hayaingizwi kwenye nyumba yenye mtoto. Ukiyanyamazia yatapoa yenyewe. Alikosea, ila siku ile hakuwapo wa kumwambia.

* * *

Ustadhi alipotoka msikitini alisimama mbele ya lile duara, mikono nyuma.

"Ukuta wangu," akasema.

"Nitausugua, Baba Swalehe," Nasra akamwambia mumewe.

"Usugue nini? Chokaa ipo, tutapaka tena. Mwache mtoto achezee."

Basi akaachwa. Kesho yake yakawa maduara sita. Keshokutwa duara moja likaota vijiti viwili vya miguu, vimetoka moja kwa moja kwenye kidevu. Watoto wa madrasa walipokuja na mbao zao wakacheka mpaka wakakaa chini. "Mtu gani huyu hana tumbo?" Kadogo alikuwa nyuma ya mlango, akasikia. Hakulia. Alitoka akamwendea msichana mmoja, akamtazama tumbo, akamgusa kwa kidole kimoja, akarudi ukutani akaongeza duara la pili chini ya la kwanza. Watoto wakasogea kutazama. Mmoja akasema, "Eti kweli, sasa amekuwa mtu."

Nasra hakusoma zaidi ya darasa la nne, na wala hakujua kwamba kuna watu wanaandika vitabu juu ya jambo alilokuwa analitazama. Alichojua ni kwamba mtoto aliyechora tumbo mchana, jioni ile alikula mbele ya watu. Aliyechora mikono, yenye vidole tisa kila mmoja, kesho yake alibeba kikombe cha maji kutoka kwenye mtungi bila kutumwa. Kila alichokiongeza pale ukutani kilikuwa kinaongezeka na kwake.

Nasra akaanza kumsaidia. Alipokuwa akitwanga binzari, Kadogo alichovya kidole, na ukuta ukapata gauni la njano. Mawese yaliyobaki kwenye sufuria yakawa udongo. Majani ya maboga, ukiyafikicha, yakawa miti. Siku moja mtoto alikwenda kunawa mikono yenye binzari, na sabuni ilipogusa ile njano ikageuka nyekundu. Mwanamke yeyote aliyefua nguo iliyomwagikiwa mchuzi anaijua kazi hiyo. Kadogo hakuijua. Alikuja mbio, akamvuta Nasra kanga, akafungua viganja vyake mbele yake, akacheka. Nasra hakuwa amewahi kuisikia sauti ya yule mtoto. Alikaa chini palepale, kando ya beseni, akalia kwa furaha, na mtoto akaendelea kumwonyesha mikono.

* * *

Wiki ileile gari lenye kipaza sauti likapita mitaani. Kila mwenye mkimbizi nyumbani kwake ampeleke kituo cha mapokezi Kigoma kabla ya Alhamisi jioni, na kutoka hapo atapelekwa kambini. Aliyeficha mtu atajibu.

Nasra alikwenda mapema, peke yake, kuuliza. Alisimama foleni na Warundi, na askari mmoja akamsukuma arudi nyuma, akimwambia asubiri zamu yake kama wakimbizi wenzake. Akarudi nyuma. Mwisho akafika kwenye meza ya dada mmoja, Honorata, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia watoto ndugu waliopotezana nao.

"Naweza kukaa naye?" Nasra akauliza.

"Huwezi, mama. Lakini nisikilize. Kama baba alivuka, yuko kwenye kambi mojawapo, na wababa wanakuja kila siku kusoma majina kwenye ubao. Niletee jina la baba na jina la mlima wao, maana Burundi mlima ndio kijiji. Nikipata hayo mawili, nayapeleka kambi zote."

"Na nisipoyapata?"

Honorata alikuwa msichana mkweli. "Basi anabaki picha na namba. Watoto wa picha na namba ninao mia tatu. Wanafanana wote, mama, wakishanyolewa."

Nasra alirudi nyumbani akakaa sakafuni karibu na mtoto. Ilikuwa Jumamosi. Kadogo alikuwa anamaliza mtu mrefu mwenye gauni la njano.

"Uyu ni nde?" Nasra akauliza kwa Kiha, taratibu, akiangalia pembeni. Huyu ni nani?

Mtoto akaweka mkaa chini. "Mama," akasema.

Ndilo lilikuwa neno la kwanza. Nasra alitamani kuuliza yote kwa pumzi moja, lakini alishamsoma yule mtoto: ukimkimbiza, anarudi nyuma ya mlango. Akasubiri. Jumapili akachorwa msichana mwenye nywele za kusukwa. "Dafroza." Jumatatu akachorwa mtoto mchanga mgongoni kwa yule mama, ila mgongo wenyewe haukuwa umechorwa, kwa hiyo mchanga akaning'inia hewani. "Inosenti." Mtu mmoja kwa siku, hakuongeza hata mmoja. Akishamtaja anakwenda kunawa mikono, kazi imekwisha.

Jumanne asubuhi alichora bibi mwenye fimbo. Halafu, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote, akaendelea. Chini ya watu wote akachora mtumbwi, mrefu, kutoka kona ya ukuta mpaka usawa wa dirisha, akaupaka bluu ya kufulia. Ndani yake hakumo mtu.

"Nani anapanda?" Nasra akauliza.

"Ejo," mtoto akasema. Kesho. Akaenda kunawa.

* * *

Jumanne hiyohiyo baada ya alasiri kulikuwa na hitima ya marehemu kaka yake Ustadhi. Nasra alipika pilau. Watu wakaingia ukumbini, wakakaa mikekani. Mzee Haruna akaja wa mwisho, kama kawaida yake. Alikuwa tajiri wa dagaa, wajukuu zake watatu wanasoma pale, na bati za ule ukumbi ndiye aliyezitoa, jambo ambalo hakuna mtu mtaani aliyeruhusiwa kulisahau. Alivua viatu, akainua macho, akavivaa tena.

"Ustadhi, mimi hapa sikai."

"Kuna nini, Mzee wangu?"

"Unaniuliza mimi? Nyumba ya Qur'ani imejaa masanamu. Malaika wataingilia wapi? Sisi tulikuletea watoto uwafundishe, kumbe na wewe unafundishwa."

"Ni mtoto tu, Mzee. Mkimbizi, yatima."

"Yatima tunamlisha, Ustadhi. Hatumwachii kibla."

Na kweli ukuta ule ulikuwa upande wa kibla, wanakoelekea wakisali. Watu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wanatazama miguu yao. Mikeka ikakunjwa, ikatandikwa nje barabarani. Masinia yakafuata. Hitima ya kaka yake ikasomwa vumbini, wapita njia wanaruka miguu ya wasomaji, na Ustadhi akaongoza dua. Mzee Haruna alikula akashiba. Wakati wa kuaga akasema kwamba wajukuu wake watapumzika kidogo.

Watu walipokwisha kuondoka, Ustadhi alirudi ukumbini akasimama mbele ya ukuta. Nasra akaja mbio kutoka uani, mikono ina majivu.

"Usifute, Baba Swalehe. Nakuomba. Mpaka kesho tu. Kesho anamchora baba yake."

"Nani kasema nafuta?"

"Nakuona unavyouangalia."

"Mama Swalehe, unanifahamu miaka mingapi? Nitawafutaje watu wa mtoto?" Na alimaanisha. Alikuwa amefedheheshwa mbele ya mtaa mzima, na bado hakutaka kumnyang'anya mtoto ukuta wake. Alikuwa amefikiri muda wote wa dua, mpaka akapata njia, na sasa uso wake ulikuwa umeanza kukunjuka. "Ipo njia. Marehemu mwalimu wangu alitufundisha tukiwa wadogo, tulipokuwa tunachorachora mbao. Mchoro wa kiumbe unaupitishia mstari shingoni. Basi. Hauna roho tena, umekuwa mchoro kama maua. Hauna ubaya. Mzee Haruna mwenyewe analijua hilo, hawezi kusema neno. Watu wanabaki, na mtoto anabaki na ukuta wake."

Nasra alisikia jambo moja tu, kwamba hafuti. Akamshukuru. Akarudi uani kuosha masinia. Maisha yake yote yaliyobaki aliyahesabu masinia yale: yalikuwa manne, na alikuwa ameosha moja na nusu.

Ustadhi akamwita mtoto. Alimwita kwa upole, akachuchumaa ili walingane vimo.

"Njoo, Kadogo. Tufanye pamoja, wewe na mimi."

Mtoto akaja. Alikuwa ameshaanza kuja akiitwa. Ustadhi akaokota mkaa, akauweka kwenye mkono wa mtoto, akaufunika ule mkono kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyowafundisha watoto mia mbili kuandika alifu. "Tunawakata shingo," akasema, anatabasamu, "halafu wanabaki hapahapa." Na kwa kuwa alitaka mtoto aelewe, asije akaogopa, akalirudia kwa Kiha.

Walianza na mama. Mstari ukapita juu kidogo ya gauni la njano, umenyooka vizuri. Kisha Dafroza. Kisha yule mchanga. Ustadhi alihisi mkono mdogo umekuwa mgumu ndani ya mkono wake, akadhani mtoto anajitahidi. Walipofika kwa bibi alisikia maji yanamwagika sakafuni, akatazama chini, akaona gauni la mtoto limelowa na dimbwi linautafuta mlango.

"Mama Swalehe," akaita. "Njoo, mtoto amejikojolea."

Nasra alifika mlangoni. Akaona ukuta, mistari minne. Sinia likamtoka mkononi.

Mtoto hakulia, na ndilo lililomtisha Ustadhi. Aliachiwa mkono, akaenda nyuma ya mlango, akakaa, akautazama mkaa uliokuwa bado kiganjani mwake.

"Nimefanya nini?" Ustadhi akauliza.

Nasra akamwambia. Akamwambia habari ya mwaloni, ya yule mwanamke, ya kidole. Hakuwa na haja ya kusema mengi. Akapitisha kidole chake mwenyewe shingoni, haraka.

Ustadhi akakaa chini kwenye sakafu yenye maji. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ningejuaje kuuliza?"

Nasra akamwendea mtoto nyuma ya mlango. Hakumjibu siku ile wala mwezi ule.

* * *

Jumatano mtumbwi ukabaki mtupu. Nasra alitwanga binzari ambayo haikuhitajika kwenye chakula chochote, akaiweka kwenye kisahani karibu na mlango. Akaleta mawese, akaleta bluu, akaleta mkaa mpya aliouchagua kwenye gunia, laini, usiokwaruza. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Alichuchumaa mbele ya ule mlango mpaka magoti yakamfa ganzi. "Baba," alikuwa anasema kwa Kiha, "mchore baba, mwanangu. Yuko ziwani. Anaitwa nani?" Mtoto alimtazama mdomo.

Alhamisi wakampeleka. Honorata alijaribu kwa subira yote, akampa biskuti, akampa na kalamu na karatasi. Karatasi ilirudi nyeupe. Nasra akataja aliyokuwa nayo: Dafroza, Inosenti, bibi mwenye fimbo, baba mvuvi.

"Akina Dafroza ninao wengi mno, mama," Honorata akasema, na akayaandika hata hivyo, pembeni, kwa herufi ndogo. Kwenye nafasi ya baba akaandika hajulikani. Kwenye mlima, haujulikani. Kisha mtoto akasimamishwa mbele ya shuka jeupe akapigwa picha, kibao cha namba kifuani. Alipopandishwa kwenye lori hakushika kitenge cha mtu yeyote.

Mzee Haruna aliwarudisha wajukuu wake wiki iliyofuata. Aliitazama mistari ukutani, akaridhika, akasema Ustadhi ni mtu wa elimu. Ustadhi alimshukuru. Usiku ule na nyingine zilizofuata alisali sunna nyingi kuliko alizowahi kusali, na hakuna hata moja iliyomtua mzigo.

* * *

Mwezi wa tatu tangu lori liondoke Ustadhi alinunua boksi la kalamu za rangi Kigoma mjini, kalamu kumi na mbili, na daftari kubwa lisilo na mistari. Akamwonyesha Nasra.

"Twende wote."

"Nenda wewe," Nasra akasema. "Mimi nikimwona sitaweza kurudi bila yeye, na watanifunga."

Alipanda gari la Kasulu alfajiri. Kambini alizungushwa meza hadi meza mpaka saa saba, akiulizwa yeye ni nani wa mtoto. Baba? Hapana. Mjomba? Hapana. Nani basi? Mwisho akasema, "Alikaa kwangu." Mmoja akacheka, lakini wakamwelekeza kwenye turubai la watoto wadogo, kwa mwalimu kijana, Mrundi, jina lake Anatoli.

"Namba yake ninayo," Anatoli akasema. "Hajambo. Anakula, anacheza, siku hizi anaongea na wenzake. Anapenda kuchora kupita wote." Akamwonyesha kamba iliyotundikwa karatasi. Nyumba. Migomba. Kuku. Mitumbwi mingi, bluu, mirefu, mitupu. "Watu tu ndio hachori. Nimemuuliza, hasemi."

"Na baba yake?"

"Hajapatikana. Picha iko ubaoni na nyingine." Anatoli akashusha sauti. "Mzee, kuna wavuvi wengi walipita hapa wanatafuta watoto. Wengine wamekata tamaa, wamerudi Burundi. Tungekuwa na jina tu."

Kadogo aliletwa. Alikuwa amerefuka, kichwa kimenyolewa. Alipomwona hakukimbia. Aliinama kidogo kama alivyofundishwa na Nasra, akaushika mkono wake kwa heshima. Ustadhi alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima tangu gari lilipopita Kidahwe, lakini mbele ya mtoto wa miaka mitano hayakuwa na mahali pa kushika. Akakaa kwenye mkeka. Akafungua daftari.

Hakuwa amechora mtu tangu utotoni. Mkono wake ulizoea herufi tu. Akachora mtumbwi. Ndani ya mtumbwi akachora duara, akaweka macho, akaweka mdomo, akashusha shingo nene na tumbo, akaweka mikono inayoshika kasia. Lilikuwa dude baya. Lakini lilikuwa mtu, zima, na alilichora akijua analolifanya.

"Huyu ni baba," akasema. "Baba yako yuko ziwani. Haya, mwanangu. Niambie anaitwa nani."

Mtoto aliinama juu ya karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. Anatoli akasogea. Ustadhi akamsogezea boksi la kalamu. Yule mtoto akachagua kwenye boksi kalamu nyeusi, akamwinulia uso, na kwa mara ya kwanza akamsemesha, kwa Kiswahili, kile cha nyumbani kwake Ujiji.

"Ustadhi, umesahau," akasema.

Akaweka kalamu kwenye shingo ya yule mtu, akapitisha mstari taratibu, umenyooka vizuri kama alivyofundishwa, akamrudishia kalamu.